Kikombe cha Mwalimu

Alikuwa na kikombe cha bati cha rangi ya bluu, kimebanduka ukingoni, na alikibeba popote alipokwenda. Harusini, msibani, kwenye ubatizo, alikitoa mfukoni mwa koti akakiweka mezani mbele yake. Ukimletea glasi yako nzuri ya sherehe alikufanyia hivi kwa kiganja, kama mtu anayefunika mwanga wa mshumaa, akasema, "Aksanti, niko na yangu." Hapo meza nzima inaangaliana. Mimi ni mtu wa Kigoma, nimeolewa na mwanamume wa Uvira, na siku ya kwanza nilipoona jambo hilo nilimnong'oneza mume wangu: huyu bwana vipi, ana maradhi? Mume wangu akanifinya goti chini ya meza. "Nyamaza weye. Anaogopa sumu."

Ngoja nieleze, maana asiyekaa na watu wa Kivu hataelewa. Kule Bukavu sumu ni habari ya kila siku, wanaiita karuho, na kila mtu ana shangazi au jirani aliyekunywa juisi kwa fulani akarudi nyumbani anakohoa mpaka wakamzika. Kwa hiyo wamejiwekea adabu. Soda inafunguliwa mbele ya macho yako. Kinywaji kilichomiminwa, mwenyeji anaonja kwanza, kisha anakupa chombo kilekile, nawe unakunywa. Mwenyeji asiyeonja hajakukaribisha. Adabu hiyo walisafiri nayo mpaka Ubelgiji; nimemwona mke wa daktari, huko Ixelles, kwenye zulia lake la bei, anaonja kwanza. Sasa mtu anayekuja na kikombe chake mwenyewe anakuambia nini? Anakuambia kwamba hata ukionja hakuamini. "Ule Mwalimu anafikiri sisi tunauaka batu," walisema akina mama wa kwaya, yaani tunaua watu, na wengine waliacha kabisa kumwalika.

Tulikosea sote, na kosa lile lilidumu miaka. Lilipokuja kunyooka alilinyoosha yeye mwenyewe, peke yake, juu ya jukwaa la ukumbi wa parokia, mbele ya watu waliokuwa karibu kuwa wakwe zake. Furaha, binti yake wa pekee, alikuwa ameshachumbiwa. Tulimwambia: ukiigiza mchezo huo, mtoto haolewi. Akaigiza.

Desturi ni kwamba ukitaka kumsimulia mtu uanze na baba yake, na babu yake, na mlima wao. Mimi sina cha kukuanzia. Mwalimu aliruka hapo. Ukimwuliza, "Mwalimu, kwenu hasa ni wapi?" alikujibu kwa swali: "Unataka kunioa?" Watu wanacheka, maneno yanapita. Ninachokijua ni cha hapahapa. Tuliishi jengo moja Molenbeek, yeye ghorofa ya tatu na mimi ya pili, madirisha yetu yakitazama mfereji na maji yake ya rangi ya chai iliyolala. Siku za kazi alikuwa kwenye nyumba ya wazee, anawaogesha vikongwe wa Kibelgiji, anawalisha, anawashikia glasi mdomoni. Jumamosi aliwafundisha watoto wa parokia nyimbo na Kiswahili cha kusoma, na huko ndiko alikopata jina. Mke wake alikuwa amefariki kabla sijawajua. Furaha alimlea mwenyewe, tena alimsuka nywele mwenyewe, vibaya, mpaka siku niliyomnyang'anya kitana nikamwambia, Mwalimu, huyu ni binti, si kikapu.

Alikuwa na tabia za mtu anayetarajia kufukuzwa. Ukimbishia mlango husikii "karibu". Unasikia kimya, halafu ubao wa sakafu unalia upande wa pili, amesimama, anasikiliza. Ukumbini alikaa karibu na mlango wa kutokea. Kwangu hakuwahi kukaa kabla ya kuambiwa, hata baada ya miaka yote ile. "Jamani, Mwalimu, kaa! Kiti hakiumi!" Mpaka nikipige kiti kwa mkono ndipo akae, tena ukingoni, magoti pamoja. Ilikuwa inaniudhi kweli. Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ambayo mgeni anaingia anajitupa kwenye mkeka na kuuliza kimepikwa nini.

Walimwita mchoyo pia. Nyumbani kwake hukupewa maji. Ulipewa soda na kifungulio pembeni, ufungue mwenyewe. Ulipewa biskuti ndani ya pakiti, uchane mwenyewe. Hakupikia mtu. Watu wa Bukavu walilisifu hilo kwa shingo upande, wakisema walau anajua adabu ya sumu. Lakini mtoto wa mtu akilazwa, Mwalimu ndiye aliyelala kitini hospitalini ili mama akapumzike. Mtu akifiwa, aliosha sufuria za msiba mpaka ya mwisho, kwa mikono yake, na asionje hata tonge la chakula kilichopikwa humo. Nilimwuliza siku moja kwa nini. Akanijibu, "Kuosha inaruhusiwa." Nikadhani anatania.

Alikuwa na misemo yake, hakuna mwingine niliyemsikia nayo. Moja ni hii: "Kimya iko na meno." Nyingine alipenda kuwaambia watoto wa Jumamosi: "Mutu akikuuliza kwenu ni wapi, weye angalia mikono yake." Watoto walicheka wakaanza kuangaliana mikono. Mimi sikucheka. Ilikuwa miaka mibaya ile, vita vilikuwa vimewaka kwao, watu wanakimbia kutoka mji mmoja kwenda mwingine, na simu ikilia mtu alishika ukuta kwanza ndipo apokee. Na ubaya ule ulitufuata. Watu walioimba pamoja miaka mingi walianza kuulizana baada ya misa, "Weye uko wa wapi? Hasa hasa?" Lile "hasa hasa" lilinitia baridi kuliko upepo wa mfereji. Kwenye kwaya benchi moja likawa la hawa, benchi lingine la wale, na hakuna aliyesema kitu. Mwalimu aliyaona yote. Alikuwa akiingia ukumbini anayatazama mabenchi kabla ya kutazama nyuso.

Ni katika miaka hiyo alipoanza kuandaa mchezo wake.

Alikuja kwangu na kitenge kikuukuu, akaniomba nikikate na kukipinda kwa namna ambayo akikivaa begani awe mama, akikifunga kiunoni awe mwalimu wa shule, akikitupa kichwani awe mwanamke tajiri wa sokoni. "Utacheza na nani?" nikamwuliza. "Peke yangu." "Wote hao, peke yako?" "Niliwaangalia vizuri," akasema, "sikuwa na kazi ingine." Nikashona. Aliigiza mara ya kwanza Ixelles, kwa Kifaransa, kwenye chumba kidogo cha michezo nyuma ya mkahawa, wanafunzi na Wazungu wachache kwenye viti vya kukunja. Kifaransa changu ni cha sokoni, lakini niliyoyaona hayakutaka tafsiri, na huko ndiko nilikojua Mwalimu ni nani.

Alikuwa Mtwa. Msomaji wa mbali, sijui hilo linakuambia nini. Kule kwao Watwa ndio wafinyanzi. Vyungu vyote vya milima ile vimetoka mikononi mwao, na hakuna nyumba isiyopikia ndani yake, lakini Mtwa hakai kwenye kiti cha mtu, hachoti kisimani pamoja na watu, na mtu hanywei chombo alichonywea Mtwa. Hawakatazwi na sheria iliyoandikwa. Mtoto anaziona nyuso tu, anajifunza. Halafu hawana alama. Mwalimu hakuwa mfupi kama wanavyosimulia wajinga, alikuwa mtu wa kawaida kabisa, mwenye kitambi kidogo na miwani. Masista walimchukua akiwa mtoto, wakamsomesha, na alipovuka bahari aliiacha habari hiyo nyuma na kubaki na jibu lake moja tu: unataka kunioa?

Kwenye mchezo alikuwa mtoto anayemfuata mama yake sokoni na chungu kichwani. Kitenge begani, mama anamwambia: usiguse, usikae, usipige chafya upande wa watu. Kitenge kichwani, mnunuzi anakigonga chungu kwa kidole, kinalia vizuri, anakisifu, anakinunua, na akifika kwake anakiweka kitupu juu ya moto mkali, kwanza, ili moto uondoe alama ya mkono wa yule aliyekifinyanga. Kitenge kiunoni, mwalimu wa shule, na mtungi wa maji darasani na kikombe kimoja cha watoto wote. Mtoto ametoka kucheza mpira, ana kiu, amesahau. Anakunywa. Kesho yake hakuna anayekigusa kile kikombe, kimetundikwa nje kwenye uzio, na mwalimu anamwita kwa upole, kwa upole jamani, na kumwambia: chukua, ni chako sasa, na kesho uje nacho.

Mwisho wa mchezo anakitoa kikombe mfukoni. Anakijaza maji, anakiweka ukingoni mwa jukwaa, anarudi nyuma na kusimama. Haongei. Mchezo hauishi mpaka atokee mtu kati ya watazamaji aje anywe. Kule Ixelles kijana mmoja wa Kizungu aliruka juu mara moja, akanywa, watu wakapiga makofi, wengine wanafuta machozi. Akaigiza mara kadhaa baada ya hapo, na kila mara alitokea mtu. Nilimpongeza njiani kurudi. Basi lilikuwa limejaa, tumesimama tumeshika chuma, na uso wake ulikuwa mchungu.

"Ni bure, Maman Kigoma," akaniambia. "Bale habana kitu ya kupoteza. Kwao ni maji tu."

Ndipo akasema atauigiza kwa Kiswahili, kwenye ukumbi wa parokia, kwa watu wetu. Na wakati huo Furaha alikuwa ameshavalishwa pete na Pascal, kijana mpole, fundi wa lifti kwenye yale majengo marefu ya Gare du Nord. Kijana hana neno. Neno lilikuwa kwa wazazi. Baba yake, Papa Pascal kama tulivyomwita, alitoka ukoo unaotawala mlima mzima huko kwao, na ingawa hapa alikuwa mstaafu anayepanda tramu kama sisi, akiingia mahali wazee wa Kivu walisimama. Maman Pascal alikuwa mwanamke ambaye alifuta kiti kwa leso kabla ya kukaa. Hawakujua kitu. Walimjua Mwalimu kama mtu mwenye maringo na kikombe, na maringo hayo yaliwapendeza, waliona yanafanana na yao.

Furaha alikuwa kwangu siku aliposikia habari hiyo, nampima gauni la arusi, amesimama juu ya kigoda na pini zimemzunguka. Baba yake alikuwa amemweleza asili yao wiki ile alipochumbiwa, si kabla. Furaha akanigeukia ghafla mpaka pini zikaanguka.

"Tantine, umwambie papa angoje. Miezi tu. Baada ya arusi afanye anachotaka."

Nikapanda juu na mkasi bado mkononi. Ubao ukalia, mlango ukafunguka.

"Mwalimu, wewe una akili timamu? Subiri mtoto afunge ndoa, halafu igiza mpaka paa litoke!"

Aliniacha niseme yote. Kisha akasema taratibu, "Bakimukataa, bamukatae akiwa kwangu. Huku iko kitanda yake. Bakijua akiisha kuzaa, ataenda wapi? Na ule mutoto, bon, kwa meza ya babu yake, batamupatia kopo gani?"

Nilishuka nikamwambia Furaha avue gauni, nitalimalizia baadaye.

Tangazo la mchezo lilipobandikwa mlangoni pa parokia, na jina lake, *Mutoto wa Chungu*, mambo yalianza. Simu ya Mwalimu ililia, akipokea hakuna anayesema, pumzi tu. Ikalia tena. Asubuhi moja nilipopanda kumjulia hali nilikuta kwenye mkeka wa mlango wake vigae, chungu kilichovunjwa, si kwa kuangushwa, kimepondwa kwa makusudi vipande vidogovidogo na kupangwa vizuri katikati ya mkeka. Chungu cha udongo, Molenbeek! Mtu alikitafuta, akapanda nacho ngazi zetu akatupita milangoni. Nilitaka kuita polisi. Mwalimu aliinama, akakiokota kigae kimoja, akakinusa.

"Haikuchomwa vizuri," akasema, akaenda kuleta ufagio.

Hatukujua kamwe ni nani. Hilo ndilo lililoniogopesha zaidi, kwamba Jumapili iliyofuata nilipeana mkono wa amani na kila mtu kanisani na mmoja wao alikuwa yeye.

Siku ya mchezo ukumbi ulijaa. Ilikuwa alasiri, baada ya misa, mvua inapiga madirisha. Papa Pascal na mkewe walipewa viti vya mbele. Mimi nilikuwa pembeni nyuma ya pazia, ninashika taa na kumpa kitenge, na kabla hajatoka Mwalimu alinigeukia. "Maman Kigoma, mwisho usitoke kunywa. Weye ni mutu wa mbali. Yako haina bei, sawa ya Wazungu." Niliumia, sitaki kuficha. Lakini nilikaa.

Mwanzoni walicheka. Mama wa mtoto, mnunuzi, wote waliwajua, aliwaigiza mpaka namna ya kuvuta pua. Kisha kicheko kikaanza kupungua, kwanza upande mmoja wa ukumbi, halafu mwingine. Alipofika kwenye chungu kinachochomwa kitupu, nilimwona mama mmoja wa kwaya anatazama mikono yake mwenyewe mapajani. Na alipofika kwa mwalimu wa shule, aliposema, "Chukua, ni yako sasa, na kesho ukuje nayo," akanyamaza. Akaingiza mkono mfukoni.

"Na kesho nilikuya nayo," akasema. "Na kesho yake. Na arusi ya kwenu nilikuya nayo."

Akakitoa. Ukumbi mzima ulikijua kile kikombe. Ulikuwa umekichukia miaka mingi. Nilisikia mvua. Mume wangu, aliyenifinya goti siku ile, alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Watu wanarudi nyuma kichwani, unaona kabisa, kila mmoja anakumbuka meza yake, glasi yake iliyokataliwa, na alivyomsema. Hakuwa anaogopa kinywaji chetu. Alikuwa anatuepusha na mdomo wake.

Akakijaza maji, akakiweka ukingoni, akarudi nyuma.

Hakuna aliyeinuka. Taa niliyoishika ilikuwa inanichoma vidole na sikuweza kuishusha. Mtu akakohoa. Mtoto akauliza kitu, akanyamazishwa. Furaha akasimama, uso umelowa, akaanza kutembea kuelekea jukwaani, na Mwalimu akatikisa kichwa. "Weye hapana, mama. Weye uko wa nyumba." Binti akabaki amesimama pale katikati, hana pa kwenda. Pascal alikuwa nyuma, karibu na mlango. Nilimwona anasukuma viti ili apite. Lakini Papa Pascal alikuwa ameshainuka. Alikitazama kile kikombe. Alimtazama Mwalimu. Kisha akachukua kofia yake, akampa mkewe mkono, wakatoka, na watu wakaanza kuwafuata benchi baada ya benchi, kimya, wakivaa makoti yao kama watu wanaotoka mazishini. Mkondo ule ulimsukuma Pascal nje pamoja nao.

Mwalimu alisimama mpaka ukumbi ukabaki na sisi watatu na mume wangu. Nilipotaka kufunga pazia alinizuia.

"Acha wazi," akasema. "Muchezo haiyaisha."

Yaliyofuata yalikuwa vile tulivyomwonya. Wakwe hawakuja tena. Watoto wa Jumamosi walipungua, mmoja ana mafua, mwingine amehamia masomo ya piano, mpaka darasa likafa. Pascal alikuja mwenyewe, akabisha, akamwambia Furaha wafunge ndoa kwa meya, wawili tu, basi. Furaha alikataa. Alisema hataingia nyumba ambayo wenyewe hawajavuka kizingiti cha baba yake. Binti wa baba yake yule! Gauni nililifunika kwa shuka jeupe nikalitundika kabatini, na kila nilipofungua kabati lilinishtua. Mwalimu aliendelea kwenda kazini. Jioni nilisikia hatua zake juu ya dari yangu, kutoka mlangoni mpaka dirishani, kutoka dirishani mpaka mlangoni. Nami nilimwogopea. Kuna siku nilipanda bila sababu, kusikiliza tu kama ubao utalia.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ilikuwa wakati wa baridi, kabla hatujahama jengo lile. Nilikuwa kwake nampelekea koti nililomshonea bitana. Furaha alikuwa kazini. Mlango ukabishwa, kwa fimbo, si kwa mkono. Mwalimu akaenda akasimama nyuma ya mlango kama kawaida yake. Nilitazama huku na huku nikaokota pasi. Bado nilikuwa naviona vile vigae.

Alikuwa Papa Pascal, peke yake, theluji begani. Hakusalimia. Mwalimu hakusema karibu. Wakasimama hivyo.

"Mutoto wangu alinunua kopo," akasema Papa Pascal.

"Kopo?"

"Ya bati! Ya bluu, sawa na yako! Anakuya na yo kwa meza yangu. Mama yake anamuwekea glasi, yeye anaifunika na mukono: aksanti, niko na yangu. Wageni banaona. Sasa batu banasema kwa nyumba yangu kuko sumu. Kwangu mimi!" Sauti ilimkatika. "Nikamuuliza, unataka nifanye nini? Akasema, papa, wende umalize ule muchezo."

Mwalimu alikwenda jikoni, nikasikia bomba. Akarudi na kikombe, amekishika kwa mikono miwili, akanyoosha mikono. Papa Pascal alikitazama muda mrefu, vilevile kama alivyokitazama siku ile ukumbini. Kisha akatikisa kichwa.

"Hapana," akasema. "Onja kwanza."

Damu ikanipanda. Loh, nikajiambia, mzee huyu, amevuka mji mzima kwenye theluji ili aje amtukane mtu ndani ya nyumba yake, sasa anamdhania mtia sumu! Pasi ilikuwa bado mkononi na Mungu ananiona nilivyoishika. Halafu nikamtazama Mwalimu. Kidevu kilikuwa kinamtetemeka. Ndipo nilipoelewa, mimi mtu wa mbali. Hakuna aliyewahi kumwambia neno lile. Utamwambiaje aonje mtu ambaye hutakunywa baada yake? Neno lile wanaambiwa wenyeji.

Akaonja. Meno yake yaligonga bati, nilisikia. Papa Pascal akakipokea kikombe, akakigeuza mpaka upande ule uliobanduka, uliotoka mdomoni mwa Mwalimu, akanywa, akamaliza yote. Akafuta sharubu.

"Maji ya robinet," akasema, kidevu kikielekea kwenye bomba la jikoni. "Mutu anakuya kwa habari ya mahari, unamupatia maji ya robinet?"

Mwalimu alikaa. Nilimwona kwa macho yangu, alikaa kwenye kiti chake bila kuambiwa, akakijaza chote, akacheka na kulia kwa pamoja, na mimi sikuwa na haya, nililia na pasi yangu. Lakini raha hiyo ilikuwa fupi. Akainua kichwa.

"Na Maman Pascal?"

Mzee akatazama kofia yake. "Iko chini kwa motokari. Alikataa kupanda."

Tulikwenda dirishani. Gari lilikuwa kando ya mfereji, injini inanguruma, theluji inashuka juu yake, na vioo vyote vimepandishwa. Ndani uliona tu kitambaa cha kichwa, hakigeuki. Mwalimu alitazama kwa muda. Kisha akarudi jikoni, bomba likafunguliwa tena, na akatoka na kikombe, bila koti, nikimpigia kelele kuhusu baridi. Tulisikia viatu vyake kwenye ngazi. Mimi na Papa Pascal tulibaki pale, vichwa vyetu vimegusa kioo kwa pamoja.

Alitoka nje, akavuka barabara taratibu asimwage, akasimama kando ya mlango wa gari. Hakugonga. Theluji ilikuwa inamjaa kwenye nywele. Sijui alisimama muda gani. Kioo kikashuka, upana wa kiganja tu, kikasimama. Mwalimu akainua kikombe akaonja kwanza, bila kuambiwa, kisha akanyoosha mkono, akangoja.